William Banting: Mzishi wa Wafalme Aliyepambana na Unene

William Banting, aliyezaliwa London mwaka 1796, alisimamia mazishi ya familia ya kifalme ya Uingereza. Uzeeni, unene ulimzuia hata kuinama afunge viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume. Alipiga makasia, hamu ya kula ikazidi.

Mwaka 1862, akiwa na kilo 92, alimwendea daktari wa masikio, William Harvey, kwa sababu usikivu wake ulikuwa umepungua. Harvey alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, alipungua takriban kilo 21.

Kijitabu alichokichapisha mwaka 1863 kilivuma, lakini mwenyewe aliwaonya wanene wasiukimbilie mlo huo kabla ya kumwona daktari. Alifariki mwaka 1878, akiwa na miaka 81.