John McCloy: Wakili ambaye hakuomba kura, lakini aliwahamisha watu 120,000
Hakuwahi kugombea hata udiwani. Lakini kwa miongo kadhaa, marais wa Marekani, wa Democratic na wa Republican, walimtafuta John McCloy mambo yakiwa magumu.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1895. Baba alifariki yeye akiwa mdogo, mama akatengeneza nywele za watu ili mtoto asome. Akafika hadi Harvard, akachukua sheria, akaingia kampuni kubwa ya mawakili New York.

Kesi iliyomtoa ni ya Black Tom, mlipuko wa shehena ya silaha huko New Jersey mwaka 1916. Alifukuzia ushahidi kwa miaka, na mwaka 1939 ikaamuliwa kwamba ilikuwa hujuma ya majasusi wa Ujerumani. Pengine hapo ndipo alipoanza kuona adui wa ndani kila kona. Mwaka 1941 akawa waziri msaidizi wa vita.

Kisha ikaja Februari 1942, miezi miwili tu baada ya Pearl Harbor. Jeshi lilitaka watu wenye asili ya Japani waondolewe pwani ya magharibi. Wanasheria wa serikali walipinga: utawahamishaje raia ambao hawana kosa? McCloy, mwanasheria mwenzao, akasimama na jeshi.

Rais Roosevelt akasaini. Takriban watu 120,000 waliondolewa, theluthi mbili wakiwa raia wa Marekani. Walibeba kile tu mikono iliweza kubeba. Maduka, mashamba na mashua viliuzwa kwa bei ya kutupwa. Wengine walikaa kambini, nyuma ya seng'enge, hadi 1945. Na ujasusi wenyewe? Tume ya serikali ilichunguza baadaye, haikupata hata tukio moja.

Mwaka 1944 aliombwa ndege zilipue reli za kwenda Auschwitz. Akakataa, ndege zina kazi nyingine.

Vyeo havikukoma. Mwaka 1947 alikuwa rais wa Benki ya Dunia, ikatoa mkopo wake wa kwanza, dola milioni 250 kwa Ufaransa. Akiwa msimamizi wa Marekani huko Ujerumani Magharibi, mwaka 1951 alimwachia huru Alfried Krupp, tajiri aliyefungwa kwa kutumikisha watumwa viwandani, na kumrudishia mali. Baadaye akawa bosi wa benki ya Chase, kisha wakili wa kampuni za mafuta.

Mwaka 1981, akiwa mzee wa miaka 86, aliitwa mbele ya tume kueleza zile kambi. Hakuomba radhi, alitetea uamuzi ule ule.

Agosti 1988 Rais Reagan alisaini sheria ya kuomba radhi, pamoja na dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. McCloy alikuwa ameipinga fidia hiyo. Alifariki Machi 1989. Hundi za kwanza zilitoka Oktoba 1990.