Nasaba ya Isaac Newton

Katika jimbo la Lincolnshire, nchi ya Uingereza, kipo kijiji kidogo kiitwacho Woolsthorpe. Zamani walikaa huko wakulima na wafuga kondoo wa ukoo wa Newton. Mwaka 1623 mmoja wao, Robert Newton, alinunua shamba kubwa pamoja na nyumba yake. Mwanawe, jina lake Isaac, aliirithi mali hiyo, lakini hakujua hata kuandika jina lake. Alikufa mwaka 1642, na baada ya miezi mitatu, siku ya Krismasi kwa kalenda ya Waingereza wa siku zile, mjane wake Hannah alizaa mtoto wa kiume, akaitwa Isaac kwa jina la baba yake.

Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, mama yake aliolewa na kasisi wa kijiji cha jirani, akamwacha kwa bibi yake. Baadaye alimtoa shuleni ili alime kama wazee wake. Lakini kijana alisoma vitabu, na kondoo wakatangatanga. Mjomba wake na mwalimu wake wakamsihi mama, naye akakubali arudi shuleni. Mwaka 1661 aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge. Na mwaka 1687 alitoa kitabu kikuu kilichoonyesha kwamba nguvu iangushayo tunda chini ndiyo iushikayo mwezi katika njia yake.

Mwaka 1705 Malkia Anne alimpa cheo cha Sir. Mwaka huo huo Newton aliandikisha nasaba yake katika ofisi ya London iliyotunza habari za koo. Ikampasa kuwatafuta wazee wake. Tangu mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yalikuwa yameamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Basi alitafuta majina katika daftari la kanisa la Colsterworth, alikobatizwa yeye mwenyewe, akarudi nyuma kizazi baada ya kizazi, hata akafika kwa John Newton wa kijiji cha Westby.

Newton hakuoa wala hakuzaa. Alikufa mwaka 1727, akazikwa kwa heshima katika kanisa la Westminster Abbey. Uzao wake ulikoma. Lakini jina lile ambalo baba yake hakuweza kuliandika, leo huandikwa na wanafunzi wa dunia nzima.