Olonana wa Mbatiany: Oloiboni Aliyewaongoza Wamaasai Kutoka Katika Maangamizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hukutana na jina la Olonana mahali pawili. Kwanza, hukutana nalo katika mighani, ambamo Olonana ni mwana mdogo anayemhadaa baba yake na kumnyang'anya kaka yake urithi. Pili, hukutana nalo katika historia ya ukoloni, ambamo ndiye mzee aliyetia alama yake kwenye mkataba wa 1904 na kuwapokonya watu wake Bonde la Ufa. Wakenya wengine humfahamu kwa sura ya Kizungu ya jina lake, yaani Lenana: kilele cha mlima, shule na barabara ya Nairobi. Katika picha hizi zote, miaka takriban ishirini iliyo katikati hurukwa. Makala haya yanakusudia kuisimulia miaka hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake halisi: kuikusanya tena jamii iliyokuwa imesambaratika.

Hatuwezi kuielewa kazi hiyo bila kuuelewa msiba uliotangulia. Wamaasai huuita Emutai, jina linalobeba maana ya kumalizwa kabisa. Ulianza mwaka wa 1883 kwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ambao huenea polepole lakini huacha zizi likiwa tupu. Kabla mifugo haijapata kuongezeka tena, sotoka ikaingia. Maradhi hayo yalikuwa yameletwa Eritrea na ng'ombe waliosafirishwa kwa ajili ya jeshi la Italia mnamo 1887, na kufikia 1891 yalikuwa yamekwisha kufika katika nyanda za Wamaasai. Mwaka uliofuata ndui ikawavamia watu ambao tayari walikuwa wamedhoofishwa na njaa. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyepita Ngorongoro mwaka wa 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa mitupu wakitambaa kutafuta chakula, naye akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wameangamia. Makadirio ya msafiri mmoja hayatoshi kuwa hesabu, lakini simulizi za wazee hazipunguzi ukubwa wa janga hilo. Ikumbukwe pia kwamba kwa mfugaji ng'ombe si chakula tu. Ni mahari, ni fidia, ni sadaka, ni urafiki. Anapokufa, hukatika pia uzi unaomfunga mtu na mwenzake.

Olonana alizaliwa katika ukoo wa Inkidong'i, ukoo wa maloiboni. Babu yake alikuwa Supeet na baba yake Mbatiany, aliyekuwa mashuhuri kuliko maloiboni wote wa karne ya 19. Oloiboni hakuwa mfalme. Alipiga ramli, akatoa dawa za vita na mvua, akabariki rika la wamorani. Lakini maamuzi ya kila siku yalikuwa mikononi mwa wazee na wasemaji wa rika. Nukta hii ni muhimu, kwani Waingereza hawakuielewa, au walichagua kutoielewa.

Mbatiany alifariki yapata mwaka wa 1890, katikati ya msiba ambao, kwa mujibu wa simulizi, alikuwa ameutabiri pamoja na kuja kwa watu weupe. Hapa ndipo mighani inaposhika usukani. Inasimuliwa kwamba mzee, macho yake yakiwa yamefifia, alimwambia Senteu, mwanawe mkubwa, arudi alfajiri apewe vifaa vya uloiboni. Olonana aliyasikia maneno hayo, akatangulia gizani, akapewa rungu la chuma na vifaa vingine vya kazi hiyo. Msomaji wa Biblia atawakumbuka Yakobo na Esau papo hapo. Mimi naona kwamba kisa hiki kinatueleza machache kuhusu usiku huo na mengi kuhusu miaka iliyofuata. Jamii iliyogawanyika ilihitaji kueleza kwa nini ndugu wawili walipigana wakati watu wanakufa, na hila ya alfajiri moja ni rahisi kusimuliwa kuliko uhaba wa malisho na ng'ombe. Walioandamana na Senteu, hasa Waloita, walikuwa na kila sababu ya kukiamini kisa hicho. Kwa wafuasi wa Olonana, mwana aliyewahi ndiye aliyechaguliwa.

Vita vya ndugu hao vilidumu kwa takriban miaka kumi na kuwaongezea Wamaasai hasara juu ya hasara. Senteu aliegemea upande wa kusini, katika eneo lililokuja kuwa chini ya Wajerumani. Olonana alibaki karibu na Ngong, kwenye ukingo wa nchi ya Wakikuyu. Watu wake walikuwa wamechakaa. Familia nyingi zilikuwa zimekimbilia kwa Wakikuyu na majirani wengine wakulima, ambako wanawake na watoto walipokelewa kwa kubadilishana na chakula. Baadhi ya waliopokelewa hivyo hawakurudi tena, na vizazi vyao hadi leo ni Wakikuyu wenye mababu wa Kimaasai. Wengine walirudi miaka kadhaa baadaye, baada ya mashauriano na malipo.

Mnamo 1893 na 1894 makundi ya wakimbizi yalikusanyika kando ya Fort Smith, ngome ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyokuwa Kabete. Msimamizi wake, Frank Hall, aliwapa hifadhi. Hii ilikuwa mojawapo ya kambi za kwanza za wakimbizi chini ya Waingereza katika nchi hii, ingawa hakuna aliyeiita hivyo wakati huo. Hall hakufanya hivyo kwa huruma tupu. Ngome yake ilikuwa na askari wachache na majirani wasioridhika, naye akaona kwamba wamorani wenye njaa wangeweza kuwa wapiganaji wake. Olonana naye aliliona jambo lilo hilo kutoka upande wa pili. Alihitaji mahali salama pa kukusanyia watu, na alihitaji ng'ombe.

Uhusiano huo ulijaribiwa mwezi wa Novemba 1895. Msafara mkubwa wa wapagazi wa Kikuyu na Waswahili, ukirejea kutoka Eldama Ravine, ulipita katika bonde la Kedong. Baadhi ya wasafiri waliwachokoza Wamaasai wa hapo, wakagusa mabinti na mifugo yao. Wamorani wakauvamia msafara na kuua mamia ya watu. Mfanyabiashara wa Kiskoti, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, alijaribu kulipiza kisasi. Akaua Wamaasai wengi kwa bunduki kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Kila mtu alitarajia vita. Badala yake, uchunguzi wa maafisa wa Kiingereza ulikiri kwamba msafara ndio ulioanza uchokozi. Kwa watu waliokuwa wamezoea kuadhibiwa bila kuulizwa, uamuzi huo ulikuwa na uzito mkubwa, na Olonana aliutumia kuwatuliza wamorani waliotaka kuendeleza mapigano. Aidha, bunduki za mtu mmoja zilikuwa zimemwonyesha kile ambacho bunduki za serikali nzima zingeweza kufanya.

Kuanzia hapo, wamorani waliandamana na Waingereza katika misafara ya kuwaadhibu majirani, wakiwemo Wakikuyu na Wanandi. Malipo yao yalikuwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Hivyo ndivyo mazizi yalivyoanza kujaa tena. Wasifu unaomsifu Olonana mara nyingi hulipita jambo hili kimyakimya, nami sioni sababu ya kulificha: ufufuo wa Wamaasai ulilipiwa kwa sehemu na ng'ombe wa watu wengine, na kumbukumbu za Wanandi juu ya miaka hiyo si za shukrani.

Hata hivyo, mateka peke yake hayawezi kuijenga jamii. Ng'ombe waliopatikana waligawanywa kupitia njia za kale, hususan uhusiano uitwao osotua, neno ambalo asili yake ni kitovu kinachomwunganisha mama na mtoto. Aliyepata mtamba alimpa rafiki asiye na kitu, bila tarehe ya kurudishiwa. Aliyepewa alijua kwamba siku moja ataombwa naye hatakataa. Kondoo na mbuzi walitangulia, kwani huzaana haraka, kisha wakabadilishwa kwa mitamba. Boma la Olonana likawa kitovu cha mtandao huo. Waliopoteza kila kitu walijua pa kwenda, na makundi yaliyokuwa hayana uongozi yakajihesabu tena kuwa Wamaasai. Mwaka wa 1902 hata Senteu alikuja kuomba suluhu, na vita vya ndugu vikaisha.

Serikali ilikuwa imemtambua Olonana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo. Cheo hicho kilimfaa alipokuwa akigawa mifugo. Kilimgeuka ilipofika zamu ya kugawa ardhi. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899, walowezi wakaja, na malisho ya Naivasha na Nakuru, ambayo Emutai ilikuwa imeyaacha na watu wachache, yakaonekana kwao kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1904, mbele ya Kamishna Donald Stewart, Olonana na viongozi wengine walikubali kuliacha Bonde la Ufa. Wamaasai wakapewa maeneo mawili: Laikipia kaskazini, na Hifadhi ya Kusini, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Kajiado ya leo. Waliahidiwa njia ya kuyaunganisha maeneo hayo mawili, pamoja na mahali pa sherehe za tohara huko Kinangop. Mkataba ulisema kwamba ungedumu maadamu Wamaasai wapo. Olonana mwenyewe alitengewa nchi iliyo kati ya mito ya Mbagathi na Kiserian, isipokuwa mashamba ambayo walowezi wachache walikuwa wamekwisha kuyachukua.

Mkataba huo uliishi miaka saba. Olonana alifariki tarehe 7 Machi 1911, na maafisa wa Kiingereza wakatangaza kwamba wasia wake ulikuwa watu wa Laikipia waitii serikali na kuhamia kusini. Wasia huo ulikubaliana mno na matakwa ya walowezi kiasi cha kuzua shaka, na shaka hiyo haijawahi kuondoka. Mwezi uliofuata, mkataba mpya ulitiwa saini kwa jina la mwanawe Seggi, aliyekuwa bado kijana mdogo. Watu zaidi ya 10,000 na mifugo yao walihamishwa hadi 1913. Ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko wa kaskazini, aliunga mkono kesi dhidi ya serikali. Mahakama ikaitupa mwaka wa 1913, kwa hoja kwamba mkataba na Wamaasai ulikuwa sawa na mkataba na taifa la kigeni, hivyo haukuwa wa kuamuliwa humo. Mwezi wa Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai ardhi ya Laikipia.

Je, alikuwa msaliti? Wanaosema hivyo humhesabia ardhi iliyopotea. Mimi ningependa pia ahesabiwe watu waliosalia, kwani mwaka wa 1892 swali halikuwa ni nchi ipi ibaki bali ni nani abaki. Lakini utetezi huu una kikomo chake: kufikia 1904 njaa ilikuwa imepita, mifugo ilikuwa mingi tena, na aliyekuwa mshirika dhaifu alikuwa na nafasi ya kukaza uzi kidogo. Hakukaza vya kutosha.

Wakaputiei wa Kitengela na Isinya wangali wanaishi katika sehemu ya ile Hifadhi ya Kusini, sasa katikati ya ploti, nyua na maghorofa. Ukame wa 1961, wa 1984, wa 2009 na ule wa 2022 uliwamalizia ng'ombe, na kila mara chakula cha msaada kilikuja kwa malori kutoka nje. Mvua iliporudi, mitamba ya kuanzia upya, kwa wengi wao, ilitoka kwa jamaa na marafiki.