MFAHAMU MAURICE WILKS, BWANA ALIYETULETEA TRANSFA

Siku hizi vijana wetu wa gereji, kuanzia Mkokotoni mpaka Mkwajuni, wamepagawa na video za gari za Marekani zinazopanda mawe kama mbuzi. Wameshagundua siri yake: zile gari zimefungwa transfa mbili badala ya moja. Sasa maswali ni hayo tu, nataka nifunge mbili kwenye Hilux yangu, nianzie wapi? Swali zuri, nitalifikia. Lakini kwanza tumjue mzee aliyefanya hiyo transfa moja iingie kwenye gari ya mtu wa kawaida, maana bila kumuelewa yeye utaishia kuvunja ekseli na kumlaumu fundi.

Kwa asiyejua, transfa ni boksi dogo la gia linalokaa nyuma ya giaboksi kubwa. Ina kazi mbili. Kwanza inagawa nguvu ya injini, nyengine iende difu ya mbele na nyengine difu ya nyuma. Pili inampa dereva seti mbili za gia: ya juu kwa barabarani na ya chini kwa kazi ngumu, ile tunayoiita gia ya nguvu. Ukiweka ya chini gari inakwenda polepole lakini inavuta balaa.

Maurice Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 Hayling Island, kisiwa kidogo kusini mwa Uingereza. Kwa hiyo naye mtu wa kisiwani, na utaona kisiwa kilimfuata mpaka mwisho. Alianza kazi kwenye kampuni ya magari ya Hillman akiwa kijana, halafu mwaka 1926 akaenda Marekani, akafanya kazi General Motors miaka miwili, akarudi. Kaka yake Spencer, aliyemzidi umri kwa mbali, alikuwa kaoa binti wa mwenye Hillman mwenyewe, yaani mambo ya ukoo na biashara kama tunavyoyajua. Baadaye Spencer akahamia Rover, na 1930 Maurice akamfuata kama mhandisi mkuu. Ana miaka 26 tu! Kampuni wakati ule ilikuwa inapumulia mashine. Ndugu hawa wawili ndio walioinyanyua, mmoja anashika fedha na uongozi, mwengine anashika michoro. Maurice anatajwa kuwa mtu mkimya, mwenye haya, asiyependa kusimama mbele za watu. Huo upole wake ndio sababu moja ya jina lake kutojulikana wakati gari yake inajulikana mpaka kwa mtoto wa chekechea.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Rover walipewa kazi ya kuunda injini ya ndege ya jeti iliyobuniwa na Frank Whittle. Hiyo haikwenda vizuri, Whittle na watu wa Rover hawakuiva chungu kimoja. Mwanzoni mwa 1943 ikafanyika biashara ya kubadilishana: Rolls-Royce wakachukua jeti, Rover wakachukua injini ya vifaru iitwayo Meteor. Naipita haraka, ila mkumbuke kwamba jamaa huyu aliyekuja kutengeneza gari ya shamba alishatoka kwenye teknolojia ya juu kabisa ya zama zake.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Vita vimeisha, kiwanda cha Rover cha Coventry kilishapigwa mabomu, kampuni imehamia Solihull kwenye kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya vita. Kiwanda kipo, kazi hakuna. Chuma kilikuwa kwa mgao, na serikali ilikuwa inawapa wale wanaouza nje ya nchi. Rover walikuwa na gari za kifahari za watu wa makamo, nani atanunua huko nje? Wakati huo Maurice ana shamba lake Anglesey, kisiwa cha Wales ambacho hata nusu ya Unguja hakifiki. Shambani anatumia Jeep ya Willys iliyobaki kutoka jeshi la Marekani. Inavuta magogo, inapita mchangani, lakini imechoka na spea shida. Mwaka 1947 kaka yake akamuuliza atafanyaje ikifa kabisa. Jibu lake lilikuwa kwamba atanunua Jeep nyengine, kwa sababu hakuna mbadala. Wakatazamana. Kiwanda kitupu wanacho, na gari inayotakiwa haitengenezwi na Muingereza yeyote.

Kuna hadithi kwamba Maurice aliichora gari hiyo mchangani, kwenye ufukwe wa Red Wharf Bay hukohuko Anglesey, ambako maji yakitoka pwani inabaki uwanda mkubwa kama huku kwetu bahari ikikupwa. Hadithi tamu na imekuzwa sana. Lakini kuchora mchangani kila mtu anaweza. Mie naona akili yake ilikuwa kwengine, kwenye kutumia kilichopo.

Tazama mwenyewe. Gari ya kwanza ya majaribio ilijengwa juu ya chesesi ya Jeep, usukani ukawekwa katikati ili isijalishe nchi inaendesha kushoto au kulia (wazo lile likaachwa baadaye). Bodi likatengenezwa kwa aluminiamu, si kwa sababu ya ufahari, ni kwa sababu chuma cha bati hakipatikani. Ndiyo maana mpaka leo Land Rover kuukuu bodi lake halili kutu kirahisi hata kwa chumvi ya bahari. Ila chesesi ni chuma, hiyo inaoza kama kawa, mafundi wa pwani mnajua. Na giaboksi hawakubuni mpya: walichukua ile ya gia nne ya gari zao ndogo za Rover, wakaifungia transfa ya gia mbili kwa nyuma. Nne mara mbili, nane za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma. Ile seti ya chini ilikuwa na nguvu karibu mara mbili na nusu ya ile ya juu. Yaani injini ya sisi 1,595 yenye nguvu ya farasi 50 hivi, ndogo kuliko injini nyingi za daladala, ikaweza kulima na kuvuta trela. Kutoka kwenye mitambo hiyohiyo ukaweza kuchukua mzunguko ukaendesha msumeno au mashine ya kupuria nafaka.

Septemba 1947 bodi ya kampuni ikaruhusu, zikaundwa gari 48 za mwanzo, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaoneshwa kwenye maonesho ya magari Amsterdam. Bei pauni 450. Ni kama mwaka mmoja tu tangu kaka mtu aulize lile swali, na bidhaa iko mezani! Wenyewe walidhani ni kitu cha kupitisha njaa miaka miwili mitatu mpaka gari za kifahari zirudi sokoni. Wapi! Ikazipita gari zote za Rover kwa mauzo. Mwaka 1954 zilifika 100,000, na 1959 zikafika 250,000.

Huku kwetu zilikuja na serikali ya mkoloni. Ukisikia mlio wake kijijini, basi ni bwana shauri, polisi, au bwana shamba. Baadaye mambo yakageuka: miaka ya 1950 Mwalimu Nyerere naye alizunguka Tanganyika kudai uhuru ndani ya Land Rover ya TANU. Gari haikuuliza inambeba nani. Na mapenzi ya Watanzania kwa gari hii hayajaisha, Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha zima la Land Rover wakijaribu kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wake.

Maurice hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1962 aliupata uenyekiti wa kampuni, na tarehe 8 Septemba 1963 akafariki shambani kwake Anglesey, ana miaka 59. Ilibaki miezi mitatu Zanzibar ipate uhuru wake wa Disemba. Gari yake iliendelea kutengenezwa Solihull, ikibadilika sura na majina, mpaka Defender ya mwisho ya aina ile ya zamani ilipotoka tarehe 29 Januari 2016. Bado ina transfa ya gia mbili.

Haya, turudi kwenye transfa mbili. Aliyewahi kuendesha Land Rover za zamani kama 109 anajua kuna vijiti viwili vidogo pembeni ya gia kubwa, kimoja kichwa cha manjano, kimoja chekundu. Manjano unaingiza mbele ukiwa kwenye seti ya juu. Chekundu ndiyo gia ya nguvu, na ukikivuta difu ya mbele inaingia yenyewe, utake usitake. Watu wanadhani ni usumbufu, kumbe ni ulinzi. Nguvu ikiongezwa mara mbili na nusu halafu iende magurudumu mawili ya nyuma peke yake, ekseli zitakatika. Ikigawanywa kwa manne, zinapona.

Sasa hesabu ya Hilux. Transfa ya zile za silinda nne zinazotumia meno, si mnyororo, gia yake ya chini ni 2.28. Chukua giaboksi ambayo gia ya kwanza ni 3.95 na difu 4.10. Zidisha zote tatu, unapata karibu 37: injini inazunguka mara 37 gurudumu lizunguke mara moja. Transfa ile ina sehemu mbili, ya mbele ndiyo inayopunguza mwendo, ya nyuma inagawa nguvu. Wanachofanya Wamarekani ni kutafuta sehemu ya mbele ya pili, kuiunga na ile ya kwanza kwa kipande maalumu cha kuunganishia, hivyo 2.28 inazidishwa kwa 2.28 na hesabu nzima inafika karibu 84. Gari inatambaa kama kobe bila kukanyaga breki wala klachi. Lakini transfa yote inasogea nyuma, kwa hiyo propela ya nyuma lazima ikatwe, ya mbele irefushwe, na ule mhimili unaobeba giaboksi chini ya chesesi uhamishwe. Propela ikiwa fupi sana kona yake inakuwa kali na jointi zinakufa mapema. Na nguvu yote ile inakwenda kwenye difu na ekseli zilezile za kiwandani. Gurudumu likikwama kwenye mwamba halafu ukakanyaga mafuta, kitu kitasalimu amri, na si mwamba.

Je, huku tunaihitaji? Kisiwa chetu sehemu ya juu kabisa inazidi kidogo tu mita 100. Milima hatuna. Tunacho kile kichangamawe cha matumbawe upande wa mashariki, tope la masika, na mchanga wa pwani wa kuvutia boti. Kwa mchanga, gia ya chini sana haikusaidii, pale unataka kupunguza upepo wa tairi na mwendo usikatike. Kwa boti na mawe, transfa moja iliyo nzima inatosha, na gari nyengine transfa hiyo haijawahi kutumika miaka, vijiti vimeganda. Anza hapo: badilisha oili ya transfa, angalia sili, ingiza gia ya chini ukiwa umesimama, hata mara moja kwa mwezi. Ikiwa baada ya hapo bado unataka mbili kwa raha ya moyo, imarisha ekseli kwanza, transfa ya pili iwe mwisho.

Mwenye 109 inayotembea mpaka leo huku kaskazini atuandikie hapo chini, aseme ya mwaka gani na kama kile kijiti chekundu bado kinaingia.