Maisha ya Bibi Carry Nation, Adui wa Vilabu vya Pombe

Wengi wetu tumesoma habari za wafalme na majemadari. Mimi nataka kuwaelezeni habari za mwanamke mmoja wa Marekani, ambaye hakuwa na cheo wala mali, lakini wauza pombe wa jimbo zima walimwogopa. Jina lake ni Carry Nation.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba, 1846, katika jimbo la Kentucky. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watumwa, na jamaa yake walihamahama mara nyingi, hata wakafika Missouri. Mwaka 1867 aliolewa na daktari kijana, Charles Gloyd, aliyepata kuwa askari. Kumbe daktari huyo alikuwa mlevi kupita kiasi. Carry alimsihi aache pombe, lakini haikufaa kitu, akarudi kwa wazazi wake hali ana mimba. Mwaka 1868 alizaa binti, na mwaka 1869 mumewe akafa. Basi akawa mjane wa miaka 22, mwenye mtoto mchanga na mama mkwe wa kutunza.

Hakukaa kulia tu. Alijifunza ualimu, akafundisha shule katika mji wa Holden. Baadaye akaolewa na David Nation, mwanasheria na mhubiri aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Mwaka 1889 walihamia Medicine Lodge, mji mdogo wa Kansas uliozungukwa na mashamba na malisho ya ng'ombe.

Hapa yafaa msomaji aelewe jambo moja. Katika mwaka wa 1880 watu wa Kansas walikuwa wamepiga kura kukataza pombe katika jimbo lao, isipokuwa kwa dawa na kazi nyingine chache. Sheria ilikuwapo, tena imeandikwa katika katiba. Hata hivyo vilabu vilikuwa wazi, na baadhi ya wenye maduka ya dawa waliuza wiski kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Wakubwa wengi walifumba macho, na wengine walipewa fedha ili wafumbe. Wanawake, ambao ndio waliolala njaa na watoto mshahara ulipokwisha kilabuni, hawakuwa na kura ya kuwachagua wabunge wa jimbo wala gavana.

Bibi Nation alikuwa akienda gerezani kuwafundisha wafungwa dini, akaona kwamba wengi wao waliponzwa na pombe. Ndipo yeye na wenzake wakaanzisha mjini kwao tawi la Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi, chama kilichoundwa Marekani mwaka 1874. Mwaka 1899 walianza kwenda mlangoni pa vilabu, wakiimba nyimbo za dini na kuomba mbele ya watu wote. Wanaume waliokuwa wakinywa waliona haya, maana waimbaji walikuwa majirani zao. Wanawake wale waliwasumbua na wakubwa pia, mpaka vilabu vya Medicine Lodge vikafungwa kimoja baada ya kimoja. Mwaka 1900 walilitoa pipa la wiski katika duka la dawa, wakalivunja na kuimwaga pombe barabarani.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Bibi Nation alipanda gari la farasi peke yake akaenda mji wa Kiowa, amechukua mawe aliyoyafunga kwa karatasi. Aliingia vilabu vitatu, akavunja vioo na chupa zote alizoweza. Wakubwa wa Kiowa walishindwa kumshtaki, kwa kuwa kumshtaki kungekuwa kukiri kwamba mjini mwao kulikuwa na vilabu vilivyokatazwa. Mwezi wa Desemba alifanya vivyo hivyo katika hoteli moja kubwa ya Wichita, na safari hii akatiwa gerezani. Alipotoka aliendelea, sasa ameshika shoka dogo, na wanawake wengine wakamfuata mpaka Topeka, mji mkuu wa jimbo. Mwaka 1901 Baraza la Kansas lilitunga sheria ya kuwabana zaidi wauza pombe.

Mpaka mwaka 1910 alikuwa amekamatwa mara 30 hivi. Faini alizilipa kwa fedha za hotuba zake na za vishoka vidogo vya pambo alivyoviuza. Mumewe alipata talaka mwaka 1901. Watu walimtupia mayai, wakampiga, wakamchora magazetini kama kichaa. Aliandika kitabu cha maisha yake, akafungua nyumba ya kuwatunza wake na mama wa walevi, akasafiri hata Uingereza. Alifariki tarehe 9 Juni, 1911, akazikwa Belton, Missouri. Marekani yote ilikataza pombe mwaka 1920, ikaondoa katazo hilo mwaka 1933, baada ya majambazi kutajirika kwa kuuza pombe ya magendo.

Wako wanaomsifu Bibi Nation kwa shoka lake. Mimi simsifu kwa hilo, maana kila mtu akivunja mali kwa hukumu yake mwenyewe, hapana atakayelala salama. Lakini kosa la kwanza naliona kwa wale waliolipwa mshahara kuilinda sheria wakaiuza. Huku kwetu pia jambo hili si jepesi. Mama mmoja hulia kwa sababu ya mume mlevi, na jirani yake hupika pombe usiku ili apate ada ya mtoto shuleni. Ukimvunjia huyu wa pili chungu chake, usipomwonyesha njia nyingine ya kupata fedha, kesho ataazima chungu kingine.

Kwa hiyo katika maisha yake yote napenda zaidi ule mwaka wa Medicine Lodge, kabla jina lake halijajulikana. Shoka lilimpa sifa, lakini vilabu vya mji wake vilikuwa vimekwisha kufungwa na wanawake waliosimama pamoja mlangoni, mikono mitupu. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.