Shekhar Mehta Alipopita Taru

Kila mwaka Safari Rally inapowadia na vijana wakaanza kubishana juu ya madereva wa Ulaya, fikira zangu hunirudisha nyumbani Taru, katika nyika ya Waduruma, juu ya kichuguu kimoja kando ya njia ya vumbi. Mapema katika miaka ya themanini tulikuwa tukisimama hapo tangu alfajiri, watoto wapatao ishirini, na kibuyu kimoja cha maji. Magari yalipita mengi, lakini lililotutoa nyumbani lilikuwa moja tu, nalo ni la Shekhar Mehta.

Msomaji kijana huenda hajapata kulisikia jina hili. Simlaumu. Sisi walimu tumewafundisha watoto wetu mashujaa wa riadha, na tumefanya vyema, lakini huyu tumemwacha njiani kama mzigo usio na mwenyewe. Sababu yake naijua, na nitaieleza.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika ukoo wa asili ya Kihindi uliokuwa na mashamba makubwa. Hakuwa mtoto wa dhiki, wala sina haja ya kumpamba kwa umaskini asiokuwa nao. Mwaka 1971, kabla hajatimiza miaka 26, alimaliza Safari akiwa wa pili nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wafunge virago. Mashamba, nyumba na maduka yakabaki, wenyewe wakatawanyika duniani. Mehta akahamia Kenya.

Mwaka haukutimia. Pasaka ya 1973, mtu yule aliyefukuzwa alikozaliwa alishinda Safari, naye alikuwa pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews. Tena ulikuwa ushindi wa ajabu. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na mizani ikamwelemea Mehta. Huo ndio uliokuwa mwaka wa kwanza wa Safari kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari.

Kwa faida ya wanafunzi, yafaa nieleze hiyo adhabu ilikuwa nini. Safari ya zama hizo haikuwa mbio za vipande vifupi vilivyofungwa kama ilivyo leo. Ilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi ilizunguka nchi zetu tatu za Afrika Mashariki kabla ya kubaki Kenya peke yake. Gari lilikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika barabara zilezile za malori, punda na ng'ombe. Dereva alipewa muda wa kufika kutoka kituo hadi kituo, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa dhidi yake. Mwaka 1963 walimaliza saba tu, na mwaka 1968 wakamaliza saba vilevile.

Sasa mfikirie dereva huyo katika nyika yetu. Udongo wa Taru ni mwekundu na mlaini mithili ya unga. Jua likiwaka, gari la mbele huacha ukuta wa vumbi ambao wa nyuma hauoni mwisho wake, na chini ya vumbi hilo mna mashimo na visiki. Masika yakiwahi, unga huo hugeuka utelezi, na korongo lililokuwa kavu asubuhi huwa mto jioni. Na Pasaka, kama ajuavyo kila mkulima wa pwani, ndiyo majira ya kutojua lipi litakuja.

Hapo ndipo Mehta alipokuwa bingwa. Alishinda mwaka 1979, akashinda 1980, akashinda 1981, akashinda 1982, miaka minne mfululizo, yeye na Mike Doughty, kila mara katika Datsun. Rauno Aaltonen wa Finland, aliyekuwa na gari la kampuni hiyohiyo, aliambulia nafasi ya pili mwaka 1980 na tena 1981. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huo. Tangu Safari iingie katika ubingwa wa dunia hakuna aliyezifikia zile mara tano za Mehta. Björn Waldegård wa Sweden aliishia nne.

Sisi tulifuata hayo yote katika redio ya Sauti ya Kenya, kisha tukaunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndala kuukuu. Ugomvi ulikuwa ni nani awe Mehta. Siku moja mwenzetu mmoja, kwa hasira ya kunyimwa zamu, alisema kwamba huyo tunayemgombania ni Mhindi wa Uganda, si Mkenya, na kushinda kwake hakutuhusu. Tukanyamaza. Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Mwalimu wetu alipopata habari hakumchapa mtu. Alichora ramani ya Uganda ubaoni, akatusimulia zile siku 90, kisha akatuuliza mtu aliyefukuzwa kwao anapaswa kuwa wa wapi. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na kitu, na swali lile lilituzidi kimo.

Hiyo ndiyo sababu niliyoitaja. Mehta alikuwa Mwasia, alikuwa na pesa, na mchezo wake ulihitaji kiwanda, mafundi na mapipa ya petroli. Hayo ni kweli. Lakini pesa hazikumwonyesha njia ndani ya vumbi la Taru, na matajiri wenzake wengi tuliwaona wamekwama, wakiomba tuwasukume.

Ajali ya mwaka 1987 nchini Misri, katika mbio za Mafarao, ilimjeruhi vibaya na kumwondoa usukani. Baadaye aliongoza tume ya mbio hizi katika FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kutolewa katika ubingwa wa dunia tangu 2002, na haikurudi hadi 2021, huko Naivasha, mbali na nyika yetu.

Hivi karibuni niliwauliza wanafunzi ni nani aliyeshinda Safari mara tano katika ubingwa wa dunia. Mkono mmoja uliinuka, nao ukamtaja Kalle Rovanperä. Nikawapeleka hadi kwenye kile kichuguu, nikawaonyesha mahali magari yalipokuwa yakiibuka. Waliitazama njia kwa muda mrefu, mbuzi wawili wakaipita. Kisha binti mmoja akauliza kama gari lake lilikuwa la rangi gani, nami nikagundua kwamba siku zote zile, kwa wingi wa vumbi, sikupata kuiona.