Imamu Ghazali na Hesabu ya Kila Usiku

Jina la Imamu Ghazali ni mashuhuri kwetu pwani, lakini si wengi wajuao kwamba mtu huyu aliwahi kupata kila kitu anachokitamani mwanachuoni, kisha akakiacha kwa hiari yake.

Alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani iliyo Iran ya leo, mwaka 1058, sawa na 450 Hijria. Husimuliwa kuwa babake alikuwa fakiri msokota sufu, na mauti yalipomkaribia aliwausia wanawe wawili kwa rafiki yake na kumwachia akiba ndogo ya kuwasomesha. Akiba ilipokwisha, rafiki akawashauri waingie madrasa ambako mwanafunzi hupewa chakula. Basi elimu yake ilianza kwa kutafuta tonge, jambo ambalo mwenyewe hakulificha.

Alisoma Nishapur kwa Imamul-Haramain Juwaini hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085. Mwaka 1091 Waziri Nidhamul-Mulk akamkabidhi kiti cha Nidhamiya ya Baghdad, naye umri wake yapata miaka 33 tu! Wanafunzi 300 walimkalia mbele, na wakubwa wa dola wakamstahi.

Hapo ndipo alipoipima nia yake, akaona anachokitafuta ni cheo na sifa. Kuanzia Rajabu 488, yaani mwaka 1095, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Leo aazimia kuondoka, kesho aghairi. Mwisho ulimi ukafunga, darasa likamshinda, chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakasema maradhi yametoka moyoni.

Alipoamua, hakukurupuka. Mali aliitoa, akabakisha riziki ya wanawe. Na watu aliwaambia aenda Makka, kumbe aelekea Sham, ili Khalifa na marafiki wasimzuie. Kutoka Dameski alifika Baitul-Mukaddas, kisha mji wa Khalil. Huko, mbele ya kaburi la Nabii Ibrahimu, alijifunga kwa mambo matatu: hatakwenda kwa mtawala, hatapokea mali ya sultani, wala hatashindana na mtu kwa hoja hadharani. Yote ni ya kuacha, si ya kupata, na kila moja mtu aweza kujua kabla ya kulala kama amelitimiza.

Katika Ihyaa, yenye vitabu 40, kimoja kaeleza mwendo huo kwa mfano ambao kila mwenye duka ataufahamu. Nafsi ni mshirika wako wa biashara. Asubuhi iwekee masharti, mchana kutwa ichunge, usiku ikalishe mhesabiane: rasilimali ngapi, faida ipi, hasara imetokea wapi. Ikihini, itie adabu. Ikizembea, izidishie kazi.

Mwaka 1106 Waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nidhamul-Mulk, alimtaka arudi kusomesha Nishapur, akakubali. Je, hakuvunja ahadi? Mwenyewe alijitetea kuwa zamani alisomesha elimu ya kutafutia cheo, na sasa asomesha ile ya kukiacha. Hoja hiyo ina uzito, ingawa kiti cha serikali ni kiti cha serikali.

Hakudumu nacho. Alirudi kwao Tus, akajenga madrasa na zawiya kando ya nyumba yake, na saa zake akazigawa: kusoma Kurani, kukaa na wachamungu, na kusomesha. Alifariki Jumadal-Akhira 505, Desemba 1111. Siku zake za mwisho alikuwa akisoma Hadithi za Bukhari na Muslim, fani ambayo mwenyewe alikiri kuwa bidhaa yake humo ni chache.